Muulize Fundi: Sufu mwilini, jua utosini

Safu hii hujibiwa na fundi cherehani wa Mombasa anayeishi Illinois. Siku za kazi hushona. Wikendi za kiangazi huwa dobi wa karne ya 16.

SWALI: Bi Fundi, assalaam alaykum. Mimi ni kijana wa Lamu, huu mwaka wa tatu niko Milwaukee, nafanya kazi ghalani. Mwenzangu kazini yumo katika kikundi kinachoigiza Uingereza ya Malkia Elizabeth wa Kwanza. Wikendi za Julai na Agosti huenda kwenye matamasha ya mashambani, watu wakalipa kiingilio kuwatazama. Wameniomba niwe mpiga tarumbeta na mbeba bendera, maana tarumbeta naijua tangu bendi ya shule. Nguo wameniazima: koti la mahameli lenye kola kama sinia, suruali iliyofura kama maboga mawili, na soksi za hadi mapajani. Nilivaa sebuleni dakika kumi, AC inavuma, jasho likanichuruzika hadi viatuni. Je, saa nane juani nitaziweza? Pili, binamu yangu ananicheka. Anasema mtu mweusi katika Uingereza ile alikuwa mtumwa tu, kwa hiyo najidhalilisha bure. Tatu, swala na chakula nitafanyaje?
— Mlamu wa Milwaukee

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Tuanze na hilo koti kabla halijakuua. Ligeuze ndani, utafute lebo. Kama imeandikwa poliesta, nami sina shaka imeandikwa hivyo, kwa sababu mahameli ya hariri hakuna atakayekuazima ukaitolee jasho, basi lirudishe kwa shukrani nyingi. Poliesta ni plastiki. Haifyonzi jasho wala haipitishi hewa. Ni sawa na kujifunga pazia la bafuni ukasimama mbele ya tanuri la mikate.

Nayajua haya kwa sababu niliyavaa. Kiangazi changu cha kwanza, miaka saba iliyopita, nilikwenda na kiburi cha mtu wa pwani. Wenzangu walipoanza kupeana tahadhari za joto nikaangua kicheko. Mimi niliyezaliwa Majengo, niliyesimama foleni ya feri ya Likoni mwezi wa Machi na mtoto mgongoni, nitishwe na jua la Wisconsin? Kumbe sikuhesabu mambo mawili. Mombasa kuna bahari na upepo wake, na baibui letu ni pana, hewa inaingilia chini inatokea juu. Kule mashambani Julai upepo hulala. Mahindi yamekuzunguka pande zote, nayo mahindi hutoa mvuke mchana kutwa kama sufuria iliyofunuliwa, hewa ikawa blanketi lililoloweshwa. La pili ni kwamba mwili husahau. Nilikuwa nimeshona miaka kumi ndani ya chumba chenye kiyoyozi. Mwili unahitaji wiki moja hadi mbili kulizoea joto, na ukirudi kwenye ubaridi wiki chache tu, mazoea hayo yamekwisha. Umombasa wangu ulikuwa umebaki kwenye pasipoti.

Nikavaa gauni la poliesta lenye kifua cha kukaza, nikanywa kahawa na soda mbili, nikaingia kwenye gwaride la Malkia la saa sita mchana. Tulipofika kwenye marobota ya nyasi nikahisi baridi. Vinyweleo vikasimama mikononi kama mtu aliyepitiwa na jini. Nikajisemea, ah, sasa nimezoea. Hilo ndilo wazo la mwisho ninalolikumbuka. Nilipozinduka nilikuwa kivulini, wahudumu wa afya wamenikata kamba za kifua kwa mkasi, wamenitia barafu makwapani na shingoni, nami nalilia zile kamba, maana nilizisuka mwenyewe siku mbili.

Kwa hiyo shika hili: kuhisi baridi juani, kichwa kugonga, tumbo kuchafuka, kizunguzungu, misuli kukaza. Likitokea mojawapo, toka kwenye gwaride. Kaa kivulini, vua, jimwagie maji. Malkia mwenyewe ni mwalimu wa hesabu wa shule ya upili, hatakukata kichwa.

Sasa nguo zenyewe. Wageni hutuuliza kila siku, hivi watu wa zamani walikuwa na akili kweli, kuvaa sufu kiangazi? Walikuwa nazo. Ujanja wao ulikuwa kwenye nguo ya ndani. Kila mtu, tajiri kwa maskini, alivaa shati au shimizi la kitani lililogusa ngozi. Kitani hunywa jasho upesi na kukauka upesi, na kikishalowa, kila kijiupepo kinachopita kinakupoza. Juu yake sufu nyembamba inapumua na kulizuia jua lisikufikie. Mtu aliyevaa kitani cha mikono mirefu chini ya sufu nyepesi atadumu juani kuliko yule wa fulana na kaptura anayekuja kumcheka. Nimewaona kwa macho yangu: ikifika saa tisa, wanaobebwa ni wenye kaptura na bia.

Na hapo, mwanangu, wewe wa Lamu una bahati kuliko wote katika kikundi chako. Shati la Mwingereza wa mwaka 1574 limekatwa kama kanzu! Siku niliyoiona ramani yake mara ya kwanza nilicheka peke yangu dukani. Vipande ni vya mstatili, mkasi haupiti mviringo hata mahali pamoja, kitambaa hakipotei: badani mbele na nyuma, mikono miwili iliyonyooka, na chini ya kwapa kipande cha mraba, kile kile mafundi wa kwetu tunachokiita kikwapa, kinachoufanya mkono unyanyuke pasi na kupasua ubavu. Marehemu baba yangu alishona kanzu miaka arobaini na hakupata kumsikia Elizabeth huyu, lakini ungempa mita tatu za kitani ukamwambia, nifanyie kanzu fupi ya kuishia mapajani, yenye kola ndogo ya kusimama na mikono ya kufunga kwa kamba, angekukabidhi shati la Kielizabeth kabla ya magharibi. Tafuta fundi wa kanzu hapo Milwaukee, au mwombe mama yako akushonee Lamu. Shona mawili. La kwanza litakuwa limekwisha ifikapo saa nane mchana. La pili livae likiwa kavu, au ukiona mambo ni magumu, liloweke kwenye ndoo kwanza.

Suruali ya maboga waachie watu wa hadhi. Mbeba bendera anatosha na suruali ya magotini ya sufu nyepesi na soksi za sufu, si za nailoni. Kofia iwe pana. Kofia bapa ya sufu ni sahihi mno; mwaka 1571 Bunge lao lilipitisha sheria kwamba kila aliyezidi miaka sita, isipokuwa wakubwa na mabibi, avae kofia ya sufu Jumapili na sikukuu, la sivyo faini ya shilingi 3 na peni 4 kwa kila siku aliyokiuka. Walikuwa wakiwalinda washona kofia wao. Lakini wakulima walivaa kofia za majani makavu, na mchoraji Bruegel aliwachora wavunaji wao wa Flanders mwaka 1565 wakiwa nazo, mmoja amejitupa chini ya mti mchana kweupe, miguu huku na huku, amelala fofofo. Ukiulizwa kwa nini umelala, taja mchoro huo.

Siri yangu nyingine nakupa bure. Chini ya kifua cha gauni, mgongoni, naweka kipande cha leso ya pamba kilicholowekwa maji ya barafu. Hakionekani. Kimeandikwa "Hasidi hana sababu", na nikiwa nainama mbele ya Malkia najua kilichoandikwa mgongoni mwangu, yeye hajui.

Kuhusu kazi utakayoifanya, jadiliana nao sasa kabla hawajakuandika. Gwaride la mchana lina jua kuliko yote. Tarumbeta ya shaba iliyoachwa juani itakuunguza midomo, iweke chini ya bendera. Kumbuka pia tarumbeta ya enzi hizo haikuwa na vali. Piga zile noti za asili tu, vidole vikae kimya, wajuzi hutazama vidole. Wanaovaa chuma ndio wa kuhurumiwa: suti kamili ina kilo 15 hadi 25, na chini yake koti lililojazwa pamba, ambalo ndilo tanuri lenyewe. Mimi baada ya lile anguko nilijichagulia udobi. Mikono yangu iko majini kutwa. Nafua shuka, nawaonyesha watoto sabuni ya maji ya majivu, kisha nawaambia kwamba madoa sugu yalitolewa kwa mkojo uliochacha. Wanapiga kelele, wazazi wanapiga picha, na mimi nimepoa.

Hatari moja ya kazi yetu siikuti kwenye mabango ya afya. Mtu aliyezidiwa na joto mpaka likamfika ubongoni huanza kusema ovyo, kuyumba, kugombana. Sasa mweke katikati ya watu wanaolipwa kusema ovyo na kuyumba! Tuliwahi kuwa na mlevi wa kuigiza, hodari kweli, na siku moja watu walimpigia makofi dakika kadhaa kabla mmoja wetu hajatambua kwamba hakuwa akiigiza. Alipona, alhamdulillahi. Tangu hapo tuna neno letu la hatari, na neno hilo ni "Likoni". Nililichagua mimi, kwa hoja kwamba hakuna raia wa Elizabeth angelitamka kwa bahati mbaya. Ukisikia "Likoni", lafudhi za kuigiza zinakoma, kila mtu ni yeye. Tunamwita mwenzetu kwa jina lake la nyumbani na kumuuliza la mama yake. Akishindwa, au akijibu upuuzi, hatujadiliani: simu 911, na huku tunamzamisha kwenye beseni la maji baridi, au tunammiminia maji na barafu mwili mzima papo hapo. Beseni langu la kufulia limewahi kufanya kazi hiyo. Kishauri kikundi chako kiwe na neno lake.

Tumfikie binamu yako. Mwambie katika nyumba ya nembo za koo huko London, wanayoiita College of Arms, kuna mchoro mrefu wa kukunja, kama mita 18, uliochorwa mwaka 1511 Mfalme Henry wa Nane aliposherehekea kuzaliwa kwa mtoto wa kiume. Ndani yake wamo wapiga tarumbeta sita juu ya farasi. Watano vichwa wazi. Wa sita ni mweusi, amepiga kilemba, na amechorwa mara mbili, shindano likianza na likimalizika. Anaitwa John Blanke. "Blanke" maana yake ni mweupe, pengine utani wa wenzake, unajua kazini watu walivyo. Daftari za fedha za jumba la kifalme zinaonyesha alilipwa peni 8 kwa siku. Mwenzake mmoja, Dominic Justinian, alipokufa, Blanke alimwandikia mfalme kwamba mshahara wake haumtoshi kujiweka katika hali ya kufanya kazi sawa na wapiga tarumbeta wengine, apewe peni 16 alizokuwa akipata marehemu. Akapewa. Umewahi kuomba nyongeza maradufu pale ghalani ukakubaliwa? Januari 1512 alipooa, mfalme akampa zawadi ya vazi la zambarau, bila kusahau kofia.

Sitakupaka asali. Mwaka 1562 John Hawkins wa Plymouth alishaanza safari zake za kuteka na kuuza watu wa Afrika Magharibi, na Malkia baadaye alimkodisha meli yake. Mwaka 1596 Malkia huyo huyo alitoa barua za kutaka weusi waondolewe nchini. Lakini ndani ya Uingereza yenyewe hakukuwa na sheria iliyouweka utumwa, na vitabu vya makanisa vina Waafrika waliobatizwa, waliooa, waliolipwa mishahara, waliozikwa kwa majina yao. Mimi udobi wangu nimeujenga juu ya mmoja: Cattelena, mwanamke mweusi aliyeishi Almondsbury, karibu na Bristol, na kufariki mwaka 1625. Hakuwa na mume wala bwana. Orodha ya mali yake ipo: kitanda, vyungu, kitambaa cha meza, na kilicho cha thamani kupita vyote, ng'ombe mmoja. Mgeni akiniuliza, "Wewe hapa ulifikaje?" namjibu kwamba nimeacha ng'ombe wangu Almondsbury na nina haraka.

Kikundi chenu kama kinaigiza mwaka 1574, mwaka ambao Malkia alizuru Bristol kweli, na ambao ndio tamasha la Bristol Renaissance Faire pale Kenosha, Wisconsin, limejijenga juu yake, basi Blanke ni wa enzi za baba yake na utakuwa umechelewa miaka sitini. Si neno. Usijiite Blanke, sema babu yako alikuwa mpiga tarumbeta wa Mfalme Henry na kazi umeirithi. Nisingependa uvae kanzu na kofia ya vito ukajiita Mmorocco, ingawa watakuomba ufanye hivyo. Mmorocco wa kweli alikuja: Abd el-Ouahed ben Messaoud, balozi wa Sultani Ahmad al-Mansur, alifika mwaka 1600 akakaa kama nusu mwaka, na picha yake ya rangi, kilemba cheupe na upanga ubavuni, inamilikiwa na Chuo Kikuu cha Birmingham. Ana mavazi yake, na hayafanani na ya kwetu. Ukitaka la kwetu, unalo: mwishoni mwa mwaka 1591 meli ya James Lancaster, Mwingereza, ilitia nanga Unguja ikakaa hadi Februari. Hadithi hiyo ina mlango mkubwa wa kupitishia Mswahili, ila ni baada ya 1574, kwa hiyo iweke kwa ajili ya kikundi kitakachoigiza miaka ya 1590.

Balozi huyo ndiye pia jibu la swali lako la chakula. Mwandishi wa London, John Stow, aliandika kwa mshangao kwamba watu wa ubalozi walijichinjia wenyewe kondoo na kuku nyumbani mwao, wakielekea mashariki. Basi ukikataa lile paja la bata mzinga linalouzwa kila kona, wala hujatoka kwenye historia. Mimi hubeba kapu: mayai ya kuchemsha, mkate, maembe mabichi kwa chumvi na pilipili, na achari ya ndimu. Wamarekani hununua tango zima la siki kwa ajili ya chumvi. Achari yetu ni ile ile kazi. Kwenye chupa natia maji ya ukwaju yenye chumvi kidogo.

Swala: Julai hapo Milwaukee adhuhuri inaingia karibu saa saba mchana, gwaride likiwa limekwisha au linaelekea ukingoni. Mwambie kiongozi mapema kwamba saa saba na robo hupo. Nyuma ya jukwaa kuna turubai, pana kivuli, utaswali. Watu wenyewe wanaoigiza hujifichia huko huko kunywa soda.

SWALI: Bi Fundi, mimi ni muuguzi hapa Minneapolis. Toleo lililopita ulimjibu msomaji aliyeuliza kuhusu joto kwa kusema "kunywa maji bila kukoma, lita juu ya lita, mpaka mkojo uwe kama maji ya kisima". Tafadhali rekebisha.
— Muuguzi

JIBU: Ninarekebisha, dada, tena ahsante. Dada huyu aliniandikia kurasa mbili, nafupisha.

Kikombe kimoja kila dakika 15 hadi 20 kinatosha kwa anayefanya kazi juani, na usivuke kama lita moja na nusu kwa saa. Maji mengi mno pasi na chumvi huipunguza chumvi ya damu, na dalili zake ni kichwa kuuma, kutapika na kuchanganyikiwa. Yaani zinafanana na za joto lenyewe, ukaongezewa maji zaidi, ukazidi kudidimia. Mkojo uwe wa rangi ya njano hafifu. Ukiwa mweupe kabisa umepitiliza. Yote haya nilipaswa kuyajua, maana nilimwona mwanamuziki wetu wa zeze akibeba galoni kama mtoto na jioni akatapika, nasi tukalisingizia yai.

Kaniongezea mengine mawili. Mgeni asianze na siku nzima: siku ya kwanza afanye sehemu ya tano tu ya kazi, kisha aongeze sehemu ya tano kila siku. Kwetu sisi wa wikendi hilo ni gumu, lakini unaweza kutembea nje mchana wiki mbili kabla, dakika chache ukiongeza. Na wanaotumia dawa za presha zile za kukojoza, au baadhi ya dawa za mzio, wamuulize daktari kwanza, kwani hupunguza maji mwilini au jasho. Katika kikundi chetu tuko wanne tulio na presha. Nilipowasomea barua hii kila mmoja alitazama juu.

SWALI: Shikamoo Bi Fundi. Mume wangu, Mtanzania, amealikwa Massachusetts ajiunge na waigizaji wa kikosi cha 54 cha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, wale askari weusi. Wanatoka Julai wakiwa na sufu za bluu na bunduki za baruti. Anataka nimshonee koti, lakini sufu ni ghali. Nimpe la kitambaa cha mchanganyiko cha dukani?
— Mke wa askari

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hapana, na safari hii si kwa sababu ya joto peke yake. Baruti inatoa cheche. Cheche ikiangukia sufu inatoboa kitundu kidogo, inanuka nywele zilizoungua, inazimika. Ikiangukia poliesta, kitambaa kinayeyuka na kuganda kwenye ngozi, na daktari ndiye atakayekibandua. Ndani mpe shati la pamba au kitani. Nyuzi bandia zisimguse popote, hata soksi.

Mumeo anajua anakoingia? Kikosi hicho kiliundwa mwaka 1863, na tarehe 18 Julai mwaka huo, kiangazi cha South Carolina, kilishambulia ngome ya Wagner karibu na Charleston kupitia ufukweni, jioni, baada ya siku nzima ya kusubiri. Sajini William Carney aliishika bendera iliyokuwa ikianguka akarudi nayo akiwa na majeraha. Nishani yake ya juu kabisa ilimfikia mwaka 1900. Na kama John Blanke hapo juu, nao walikuwa na neno kuhusu mshahara. Askari mweupe alipata dola 13 kwa mwezi. Wao waliambiwa dola 10, zikatwe 3 za nguo. Zibaki 7. Walizikataa, wakaendelea kupigana bila kupokea kitu, hadi Bunge liliposawazisha Juni 1864. Zile 3 za nguo ndizo zinazonikera mimi kama fundi.

Kupunguza gharama na joto kwa pamoja: makoti mafupi ya jeshi la Muungano, yaani la upande wa Kaskazini, yalitolewa ya aina mbili, yenye bitana na yasiyo na bitana. Mshonee lisilo na bitana. Ni sahihi kihistoria, linakula kitambaa kidogo, na hewa inapita. Flaneli ya sufu nyepesi, mfuko mmoja ndani, kola ya kulala. Vifungo ni vinne mbele. Wauzaji wa mtandaoni watakuletea mkato wa vitano, hao usiwalipe.